HABARI ZA MTAKATIFU NIKOLAUS, AMBAYE WATU HUMWITA BABA KRISMASI

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukifika, picha ya mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na vazi jekundu huonekana katika maduka ya miji yetu. Watoto huiona, wakauliza: Mzee huyu ni nani, naye atoka wapi? Wazazi wengi hawana la kujibu, na wengine husema ni hadithi ya Wazungu tu. Basi tumeona ni vema kuwaeleza wasomaji wetu asili yake, maana hapo mwanzo mzee huyu hakutoka nchi ya theluji, wala hakuwa mfanya biashara. Alikuwa askofu wa mji wa pwani, penye jua kali na bandari.

Jina lake ni Nikolaus. Mapokeo yasema alizaliwa Patara, katika nchi ya Lycia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, katika karne ya tatu baada ya kuzaliwa Kristo. Watu wa huko walisema Kiyunani, nao walitawaliwa na Rumi. Nikolaus akawa askofu wa Myra, mji ambao sasa huitwa Demre. Mwaka 303 Kaisari Diocletian alianza kuwatesa Wakristo, na yasemwa ya kwamba Nikolaus naye alitiwa gerezani. Alikufa karibu na mwaka 343, na siku ya kumkumbuka ni tarehe 6 Desemba.

Yafaa wasomaji wajue ya kwamba Nikolaus hakuacha maandishi yake mwenyewe, na waliotunga habari za maisha yake walikuja miaka mingi baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mengi tunayosikia ni hadithi. Lakini hadithi nazo zina maana, kwa kuwa zaonyesha watu walipenda kukumbuka jambo gani katika mtu huyu.

Hadithi iliyo mashuhuri kupita zote ni ya binti watatu. Palikuwa na mtu aliyekuwa tajiri, kisha akafilisika. Katika nchi ile desturi ya ndoa ilikuwa kinyume cha yetu. Huku kwetu mume ndiye atoaye mahari, na wazee walihesabu ng'ombe. Kule baba wa binti ndiye aliyetoa mali, na binti asiye na mali hakupata mume. Yule baba akaona hana njia ila kuwatoa binti zake katika maisha ya aibu. Nikolaus, ambaye alirithi mali ya wazazi wake, akasikia. Akaenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaenda zake. Binti wa kwanza akaolewa. Akafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Safari ya tatu baba alikesha, akamkimbilia, akamshika. Nikolaus akamsihi asimwambie mtu ye yote maadamu yeye yu hai.

Hadithi ya pili yawahusu wakubwa wenye kuamua mashauri. Liwali mmoja alipokea rushwa, akawahukumu watu watatu wasio na hatia wauawe. Nikolaus akafika mahali pa kuuawa, akaushika upanga wa mwuaji, akawafungua wale watu, kisha akamkemea liwali mbele ya watu mpaka akaungama kosa lake.

Ya tatu ni ya njaa. Merikebu zilizochukua ngano kutoka Misri kwenda mji mkuu zilitia nanga bandari ya Myra wakati wa ukame. Nikolaus akawaomba mabaharia wateremshe kiasi kidogo kwa kila merikebu. Wakaogopa, kwa sababu ngano ya Kaisari ilipimwa. Lakini wakakubali, na hadithi yasema walipofika hapakupungua hata kibaba kimoja. Kweli bandari ile ilikuwa njia ya ngano, na ghala kubwa iliyojengwa zamani za Kaisari Hadrian ingali ikionekana huko hata leo.

Kwa ajili ya mambo hayo mabaharia, wafanya biashara na watoto walimpenda sana. Mwaka 1087 mabaharia wa Italia waliichukua mifupa yake kutoka Myra wakaipeleka Bari, na sifa zake zikazidi kuenea Ulaya. Watu wa Uholanzi humwita Sinterklaas. Usiku wa tarehe 5 Desemba watoto wao huweka viatu, na asubuhi hukuta zawadi ndani yake. Waholanzi walikuwa wamejenga mji Marekani, ambao baadaye uliitwa New York, na jina la Sinterklaas likageuka kidogo kidogo kuwa Santa Claus. Mwaka 1823 gazeti moja la nchi ile lilitoa shairi lililomfanya mzee mcheshi mwenye kupanda gari la kukokotwa na kulungu wa nchi za baridi usiku wa Krismasi. Tangu mwaka 1863 Thomas Nast alimchora magazetini, na kuanzia mwaka 1931 kampuni ya Coca-Cola ikaeneza picha yake duniani katika matangazo. Hivyo ndivyo askofu alivyovuliwa kofia yake ya kiaskofu akavikwa manyoya.

Katika mkoa wetu wa Songwe, Wamoravian walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Nao walikuwa na desturi zao za Noeli, kama nyota yenye ncha nyingi, na mshumaa uliogawiwa watoto kwanza huko Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747. Wamoravian hawawaombi watakatifu, nao Wakatoliki humkumbuka Nikolaus katika kalenda yao; lakini wote wawili waweza kukubali ya kwamba kutoa kwa siri ni tendo jema.

Sasa twataka kusema neno moja juu ya nyumba zetu. Desemba huku ni mwezi wa mvua na wa kupanda. Fedha za kahawa zimekwisha kutumika, ghala la mahindi lapungua, mbolea yatakiwa shambani, na Januari shule zafunguliwa. Wakati huo huo Tunduma, mji wa mpakani, umejaa bidhaa za kila namna, na watoto waona wenzao wamevaa nguo mpya. Mzazi huona haya, akakopa. Sikukuu hupita kwa siku mbili, lakini deni hubaki mpaka mavuno, na pengine shamba hukosa mbolea kwa sababu ya viatu vya siku moja.

Nikolaus wa hadithi hakufanya hivyo. Alitazama haja iliyo kubwa katika nyumba ile, akaitimiza kabla aibu haijaingia, wala hakutaka kuonekana. Mtu mwenye kujiweza katika kijiji, akimpelekea mjane mbegu mapema, au akimnunulia yatima madaftari na sare kabla ya shule kufunguliwa, bila kupiga mbiu kanisani, amefuata desturi ya Krismasi iliyo ya kale kuliko gari la kulungu. Na mwenye duka apimaye sawasawa wakati wa msongamano wa sikukuu, naye amemheshimu mlinzi wa wafanya biashara.

Basi waalimu na wazazi, watoto wakiuliza habari za mzee wa picha, msiwafukuze. Waambieni kulikuwa na askofu wa Myra aliyekwenda usiku na mfuko mkononi, na ya kwamba alipokamatwa ombi lake lilikuwa moja tu, asitajwe.