Ngozi ya Mamba: Thamani Yake ni Tumboni

Mji wa Jinja umejengwa pale ambapo Mto Nile huliacha Ziwa Victoria na kuanza safari yake ndefu kuelekea Misri. Katika maji hayo mamba ameishi tangu kale, na wavuvi humwogopa. Hata hivyo, ngozi yake hutafutwa na matajiri wa Ulaya, Marekani na Asia, nayo hushonwa mikoba, viatu, pochi, mishipi na mikanda ya saa.

Wengi hudhani kwamba bei ya ngozi hiyo hutegemea urefu wa mnyama. Sivyo. Wafanyabiashara hupima kwa sentimita upana wa tumbo, pale palipo papana zaidi. Magamba ya mgongoni yana mifupa ndani yake, hivyo ni magumu kushona. Ngozi ya tumboni ni laini na magamba yake yamepangika vizuri. Ngozi nyembamba hufaa kwa mikanda ya saa na pochi, lakini mkoba mkubwa huhitaji ngozi pana, isiyo na kovu wala jeraha la kisu.

Tamaa ya ngozi hizo ndiyo iliyomponza mamba. Katika miaka ya 1940 na 1950 wawindaji walimwua kwa wingi katika maziwa na mito ya Uganda. Mtaalamu Mwingereza Hugh Cott, aliyewachunguza mamba wa huko, alichapisha matokeo yake mwaka 1961 na kutetea hifadhi yao. Hoja ilikuwa nzito, kwani mamba jike huchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kutaga mayai. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini ulitiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975. Leo ngozi inayovuka mpaka sharti iwe na hati na lebo yenye namba, na nchini Uganda kumwua mamba bila kibali ni kosa.

Je, mnunuzi wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, akionyeshwa mkoba unaodaiwa kuwa wa mamba, atautambuaje? Aangalie magamba. Ngozi halisi ya mamba wa Nile ina kitundu kidogo karibu na ukingo wa kila gamba la tumboni, na hakuna magamba mawili yanayofanana kabisa. Ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa kwa mashine hurudia mchoro ule ule.

Jinja ina viwanda vya kudabagha ngozi za ng'ombe, na bidhaa za ngozi hiyo ni imara na za heshima. Kwa hiyo fundi aiuze kwa jina lake, na mnunuzi achunguze kabla ya kutoa fedha, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.