Kifaransa kilinigomea hadi nilipoacha kukipitishia Kiingereza

Swali la kwanza lilikuwa jepesi kabisa: "Vous avez quel âge ?" Una miaka mingapi? Nikakaa wima, nikajibu bila kusita: "Je suis vingt-trois ans."

Mama aliyekuwa akinihoji alitabasamu lile tabasamu ambalo ukiliona tu unaanza kuhesabu nauli ya kurudi mtaani. Nilikuwa nimemwambia, "Mimi ni miaka ishirini na mitatu." Si kwamba ninayo. Mimi ndio miaka yenyewe!

Ilikuwa kazi ya kupokea simu za wateja kutoka nchi zinazotumia Kifaransa. Nilikuwa nimeitamani kwa sababu moja: hawakuulizia digrii. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo kila tangazo la kazi lilianza na karatasi nisiyokuwa nayo. Hawa walitaka lugha tu. Nami lugha nilidhani ninayo, maana nilikuwa nimekariri vitenzi miezi sita kwenye simu, usiku, bando ikiwa bei rahisi. Dakika kumi baadaye nilikuwa nje kwenye jua.

Jioni nikapitia kwa fundi wa nguo aliyenipunguzia suruali ya kwendea interviu. Ni Mkongo wa Lubumbashi, alisoma shule kwa Kifaransa, na nyumbani kwao ni Kiswahili. Nikamweleza yaliyonipata. Akasimamisha cherehani, akacheka mpaka akajifuta macho.

"Sasa weye ndugu, kwa Kiswahili unasema aje? Mimi ni miaka?"

"Nasema nina miaka."

"Basi ni ile ile. J'ai. Nina. Juu ya nini unapita kwa Kingereza?"

Manze, hapo ndipo taa iliwaka.

Nina njaa, nina kiu

Shida yangu haikuwa uvivu. Shida ni kwamba kila sentensi ya Kifaransa niliitengeneza kwanza kwa Kiingereza kichwani, kisha nikaitafsiri. Kiingereza kinasema "I am hungry", nami nikasema "je suis faim". Mfaransa hasemi hivyo. Anasema j'ai faim, yaani nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai froid, nina baridi. J'ai sommeil, nina usingizi. J'ai peur, nina hofu. J'ai 24 ans, nina miaka 24. Ukifikiria kwa Kiswahili unapata jibu bila kutoa jasho.

Kwa hivyo kitenzi cha kwanza kukishika ni avoir, "kuwa na": j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont. Hayo sita yatakulisha.

Nakula ni neno moja

Kosa langu la pili lilikuwa "je suis mange". Nilikuwa natafuta ile "am" ya "I am eating". Haipo! Sisi tunasema nakula, wao wanasema je mange. Kitenzi kimoja, kazi imeisha. Tena hiyo hiyo je mange inabeba "nakula sasa hivi" na pia "mimi hula". Wakati uliopo wa Kifaransa unafanya kazi ya na- na ya hu- zetu zote mbili. Ukitaka kusisitiza kwamba uko katikati ya kula, kuna je suis en train de manger, lakini huihitaji kila saa.

Jingine lililonishangaza ni depuis, yaani "tangu". Mwingereza anazunguka na "I have been living". Sisi tunasema "Naishi Nairobi tangu 2019", kwa wakati uliopo. Mfaransa vile vile: J'habite à Nairobi depuis 2019. Jambo likianza zamani na bado linaendelea, kitenzi kinabaki cha leo.

Nakupenda, je t'aime

Hii hata wasiojua Kifaransa wameisikia, lakini wachache wameitazama. Nakupenda: mimi, wewe, penda. Je t'aime: mimi, wewe, penda. Mpangilio ni ule ule, anayependwa anakaa kabla ya kitenzi. Namwona ni je le vois, au je la vois akiwa msichana. Najiuliza ni je me demande. Ile ji- yetu imekaa pale pale inapokaa me yao.

Na kukanusha? Sisi tunakibana kitenzi pande zote mbili: napenda inakuwa si-pend-i. Kifaransa kinakibana hivyo hivyo, ne mbele na pas nyuma: je n'aime pas. Sijui ni je ne sais pas. Mtaani wengi humeza ile ne wakasema je sais pas, lakini kwenye interviu iache mahali pake.

Kichwa na mkia

Sasa tusidanganyane, kuna mahali Kiswahili hakikuokoi. Sisi tunashika kitenzi kwa kichwa: nasema, unasema, anasema, tunasema. Wao wanakishika kwa mkia: je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent. Vitenzi vingi mno vinavyoishia na -er vinafuata njia hiyo hiyo. Habari njema ni kwamba parle, parles na parlent husikika sawa mdomoni. Mikia unayoisikia kweli ni miwili tu, -ons ya sisi na -ez ya nyinyi. Kwa sababu hiyo wao hawawezi kuacha je na tu zao kama sisi tunavyoacha mimi na wewe. Bila hizo, msikilizaji hajui ni nani anayesema.

Mikia ya makundi mengine ni tofauti kidogo. Finir, kumaliza: je finis, nous finissons. Vendre, kuuza: je vends, nous vendons, na il vend haina mkia kabisa.

Halafu kuna watundu. Ni yetu haibadiliki: mimi ni, wewe ni, sisi ni. Yao inabadilika kila mtu: je suis, tu es, il est, nous sommes, vous êtes, ils sont. Hapo kariri tu, hakuna njia ya mkato. Kariri pia aller, kwenda (je vais, nous allons, ils vont) na faire, kufanya (je fais, nous faisons, ils font). Na ukifika kwa vous, chunga vitatu visivyotaka -ez: vous êtes, vous faites, vous dites. Mimi nilisema "vous faisez" miezi mizima. Hata watoto wa Ufaransa huikosea hiyo.

Unafanya nini maishani?

Nilifanya mazoezi kwa yule fundi karibu kila jioni, nikishona vifungo yeye akinisahihisha. Baada ya mwaka mmoja wa kujifunza nikaitwa interviu nyingine, kampuni tofauti. Swali la miaka nilipita. Kisha likaja lile nililoliogopa hata kwa Kiswahili: "Qu'est-ce que vous faites dans la vie ?" Unafanya nini maishani?

Mtu aliyeacha chuo huwa na majibu ya wakati uliopita na ujao. Nilikuwa nasomea hiki. Nitarudi kumalizia. Lakini swali lilikuwa la wakati uliopo, na vitenzi vya wakati uliopo ndivyo pekee nilivyoviamini mdomoni. Nikasema: "Je ne vais plus à l'université. Je vends des vêtements, j'écris, et j'apprends le français depuis un an." Siendi chuo tena. Nauza nguo, naandika, na najifunza Kifaransa tangu mwaka mmoja uliopita.

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara ya kwanza nilijieleza mbele ya meza kama ile bila kuomba msamaha.

Kwa hivyo kama unajifunza, jaribu hivi leo: andika sentensi kumi za Kiswahili kuhusu siku yako, jinsi ilivyo sasa. Nina, niko, naenda, nafanya, sipendi. Kisha zipeleke moja kwa moja kwa Kifaransa, Kiingereza kikae pembeni kidogo.

Mimi sasa niko kwenye miezi yangu ya majaribio, zamu ya usiku. Siku niliyopata barua nilipitia kwa fundi. Kabla hajauliza nikamwambia, "J'ai un travail."

Nina kazi.