Makapi ya Mtandao: Istilahi na Maana Yake

Ipo programu iendeshwayo kwa amri zinazoandikwa kwenye skrini, ambayo hutembelea tovuti kwa nasibu ili ziara za kweli za mtumiaji zipotee miongoni mwa zile za uongo. Ziara hizo za uongo zipewe jina gani? “Chambo” halifai: chambo humvuta samaki, na hapa havutwi mtu. “Makapi” ndilo bora. Mwaka 1998 Ronald Rivest alieleza njia ya kuficha ujumbe kwa taswira hiyohiyo: makapi huchanganywa na nafaka, na mpokeaji peke yake ndiye awezaye kupepeta. TrackMeNot ya Daniel Howe na Helen Nissenbaum, iliyotolewa mwaka 2006, hutuma maswali ya uongo kwa mitambo ya kutafutia habari.

Kwa mwanafunzi wa Buluo, mjini Likasi, anunuaye mega kidogo kidogo, makapi hulipiwa sawa na nafaka. Tena mchunguzi mwenye ungo mzuri hupepeta naye, kwa kuwa ziara za nasibu zisizokoma usiku kucha hazifanani na usomaji wa binadamu. Na intaneti ilipofungwa nchini Kongo, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 hadi Januari 2019, baada ya uchaguzi, hata makapi hayakuwa na njia ya kupita.