Maji ya kuoshea dhahabu yarudi juu, yasishuke kijitoni

Toka Salamabila mpaka upande wa Wamaza, mama anayechota chini ya kareya anabeba tope ndani ya bidon. Analaumu wachimbaji. Nao wanajibu: tusipoosha mchanga, watoto watakula nini? Sisi tunaona wote wana haki, juu vijito vile mwisho vinaingia Lualaba. Hakuna wa kusema haimuhusu.

Dawa iko, na haiombi mashine kubwa. Maji yanayotoka kwenye ubao wa kuoshea yaingie katika mashimo matatu yanayofuatana, mbali na ukingo. La kwanza linabakisha mchanga, la pili udongo mwembamba. Katika la tatu maji yametulia: yarudisheni juu kwa pompe, ao kwa ndoo kama makuta ya mafuta imekosa. Mfereji kati ya mashimo uchukue maji ya juu juu tu. Kazi yenye kuchosha ni kutoa tope. Shimo likijaa, maji yanapita machafu sawa mbele. Na tope lile lipelekwe pahali mvua haitalirudisha mtoni. Zungusheni miti pia. Mtoto hajui maji ya tope yana kina gani.

Faida ni ya mchimbaji mwenyewe. Maji mazito yanapita na dhahabu ndogo ndogo. Maji yaliyotulia yanaiacha ibakie ubaoni. Wakati wa kiangazi, kijito kikipungua, mwenye mashimo anaendelea kuosha.

Lakini tusidanganyane: mashimo hayaondoi merkiri. Kazi ya merkiri ifanyike ndani ya beseni, mbali na kijito, na maji yake yatumike tena mule mule, yasichanganywe na ya mashimo. Mwaka 1956, kule Minamata, Japani, waligundua ugonjwa wa mishipa kwa watu waliokula samaki. Kiwanda kilikuwa kinamwaga merkiri baharini. Watoto wengine walizaliwa nao, hata mama zao hawakuonekana wagonjwa sana. Sisi pia tunakula samaki.

Nani atalipa pompe? PDG wa shimo anachukua sehemu yake, basi atoe hapo. Na SAEMAPE ni service ya Serikali ya kusaidia wachimbaji wadogo: muwaulize wawaonyeshe vipimo. Mashimo yachimbwe mbele mvua hazijarudi. Kuchimba ndani ya tope ni kujichosha bure.