Butembo: Kijana amepita miaka 20, yuko nyumbani, na hasikii tena papa wala mama

Katika mitaa ya Butembo, mkoani Kivu ya Kaskazini, ugomvi mwingi wa nyumbani unaanza saa ileile: usiku, lango likiwa limeshafungwa. Kijana anagonga. Papa anakataza asifunguliwe. Mama anangoja papa asinzie, kisha anatoka polepole na ufunguo umefungwa kwenye kikwembe. Kesho yake wote wana hasira: papa kwa sababu amedharauliwa, mama kwa sababu hakulala, na kijana kwa sababu anaona mtu wa miaka 23 hawezi tena kuulizwa alikuwa wapi.

Mambo haya yanajulikana Kimemi, Mususa, Bulengera na Vulamba, kwa mwenye duka kubwa na kwa mama anayeuza sombe. Wako wanaokunywa mandrakwa na kurudi na matusi. Wako ambao hawanywi wala hawatukani, ila hawafanyi kitu: wanalala hadi saa tano asubuhi, wanakula, wanachaji telefone, wanatoka. Na wako wanaouza pasi ya nyumbani, kisha mabati yaliyowekwa kwa ajili ya kujenga chumba cha nyuma. Hao wa mwisho ndio wazazi wanaona haya kuwataja mbele ya majirani, na ndiyo maana msaada unachelewa kufika.

Kwa nini bado wako nyumbani? Watoto wengi waliokimbia vita pamoja na wazazi wao walipoteza miaka ya shule, wakamaliza sekondari wakiwa wamepita sana miaka 18. Diploma ya Serikali peke yake haileti kazi. Na kupanga chumba kunataka garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inamkataza mwenye nyumba kudai garanti ya zaidi ya miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, lakini hata miezi 3 ni mlima kwa kijana anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine, ambaye kila jioni lazima kwanza amlipe mwenye pikipiki ndipo ahesabu kilichobaki mfukoni.

Lakini umaskini hauelezi yote. Umri huu wa kukataa kuamrishwa haukuanza leo, na wazee wa Kinande waliujua vizuri. Kijana alienda kukaa na wanaume kwenye kyaghanda, kando ya moto, akasikia jinsi mashauri yanavyokatwa. Alionyeshwa kipande cha shamba, akajenga, akaoa. Familia za mjini nazo zilikuwa na njia yao: mtoto aliyeshindikana alipelekwa kwa mjomba upande wa Lubero akalime, au upande wa Beni kwenye kakao, au alipewa mzigo kidogo akajifunze biashara kwenye barabara ya Kasindi. Alirudi baada ya mwaka na mikono migumu na maneno machache.

Milango hiyo sasa imefungwa mmoja baada ya mwingine. Upande wa Beni, waasi wa ADF wameua raia mashambani kwa miaka mingi, na tangu 2024 mauaji yamefika pia Lubero, kule Bapere. Upande wa kusini, M23 waliteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, wakazidi kuingia wilayani Lubero. Mzazi anayemwambia kijana wake leo aende kijijini anajua anamtuma wapi. Basi wote wanabaki chini ya bati moja, watu wazima wawili na mtu mzima wa tatu ambaye hakuna aliyemtambua kuwa mtu mzima.

Hapo ndipo neno “toka kwangu” linakuwa zito kuliko zamani. Hapo kale, aliyefukuzwa alilala kwa shangazi wiki mbili na hasira zikapoa. Siku hizi, kijana mwenye njaa, asiye na kitanda na mwenye uchungu na baba yake, ndiye hasa anayetafutwa na wenye silaha. Wengine wanaishia kwenye machimbo ya dhahabu, na simu inanyamaza kwa miezi. Kumfukuza mtoto ili ajifunze maisha ni adhabu ambayo mzazi hana tena uwezo wa kuipima.

Familia zinazofaulu kupunguza moto zinafanana kwa mambo kadhaa madogo. La kwanza ni kwamba hazizungumzi usiku. Kumhukumu mtu aliyelewa, langoni, majirani wakisikiliza, ni kuanzisha vita. Mazungumzo yanangoja asubuhi, au Jumapili baada ya kula. La pili ni gumu zaidi: papa na mama wanakubaliana kwanza wao wenyewe. Mahali ambapo papa anafunga na mama anafungua, papa anakatalia pesa na mama anatoa kwenye faida ya soko, kijana hana sababu ya kubadilika. Anangoja tu zamu ya mama. Akina mama wanaofanya hivyo hawana ujinga wowote. Wanaogopa habari ya asubuhi, na hofu yao ina sababu. Ila papa akiwekwa mbali na makubaliano, anabaki na fimbo tu, na fimbo kwa mtu wa miaka 22 inarudishwa.

La tatu ni mtu wa katikati. Si lazima awe mchungaji au chefu wa mtaa, ingawa wengi wanakimbilia huko. Mara nyingi ni mjomba, baba mdogo, au yaya aliyeoa na ambaye kijana anamheshimu. Kazi yake ni kusikiliza pande zote mbili, pamoja na ile ya kijana, ambaye huenda ana malalamiko ya kweli: kwamba minervali yake ya mwaka wa kwanza wa chuo ililiwa na mwaka wa pili wa mdogo wake, kwamba anaitwa mvivu mbele ya wageni, kwamba kila pesa aliyoleta nyumbani ilipokelewa bila asante. Halafu kinatafutwa kitu kimoja cha kuanzia, kinachoonekana: yeye ndiye wa kununua makala ya nyumba, au wa kuteka maji kabla ya saa moja, au saa ya lango inakubaliwa na kila mmoja, papa naye akiwemo. Orodha ya masharti kumi kwa siku moja haifiki Ijumaa.

Kwa wasichana, hesabu si ileile, na haina haki. Kijana wa kiume akirudi saa sita usiku wanasema ni ujana. Dada yake akirudi saa mbili, kikao cha ukoo kinaitishwa. Akipata mimba, familia nyingi bado zinampeleka kwa wazazi wa mvulana siku hiyohiyo na begi lake, hata kama mvulana mwenyewe analishwa na mama yake. Tatizo linahama parsele, na nyumba ya pili inapata watu wazima wawili wasio na kazi pamoja na mtoto mchanga.

Kijana akianza kupiga watu nyumbani, mjomba hatoshi tena. Wazazi wengine wanampeleka polisi ili aogope. Wakumbuke kwamba Katiba, kifungu cha 18, hairuhusu polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya anayehusika kisheria: atarudi, na nyumba inapaswa kujua itampokea vipi.

Sheria yenyewe iko wazi kuhusu umri. Kwa Katiba, kifungu cha 41, mtoto ni yule asiyetimiza miaka 18. Baada ya hapo mamlaka ya wazazi yanakwisha, lakini kifungu cha 40 kinasema pia kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Na kuhusu lile neno linalosikika katika kila ugomvi, kwamba “parsele hii ni yetu pia”, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi, ila urithi unafunguka mzazi akifa. Akiwa hai, parsele si ya mtoto.

Wazazi wengine wameamua kutongoja: wanampimia kijana mita chache nyuma ya nyumba, kwa maandishi na mashahidi, ili ajenge chumba chenye mlango wake na funguo zake. Kwa wengine imeleta amani. Wengine, kabla bati halijapigwa msumari, walimwona mtu wasiyemjua akiingia na kamba ya kupimia, akisema ameshauziwa.