Fahamu: Kwa nini mbegu kuukuu hukataa kuota

Umri wa mbegu hupimwa zaidi kwa unyevu na joto kuliko kwa miaka. Kanuni ya jumla ya wataalamu ni kwamba ukipunguza unyevu wake kwa asilimia 1, au joto la ghala kwa nyuzi 5, maisha yake hukaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana Kampala, mji wa misimu miwili ya mvua karibu na Ziwa Victoria, huitesa mbegu iliyoachwa kabatini ndani ya karatasi. Tena mbegu za bangi, kama za ufuta, zina mafuta mengi. Mafuta yakichacha, utando wa seli huharibika na kiinitete hufa ndani ya ganda linaloonekana zima.

Wapo watakaotaja mtende wa Masada, uliooteshwa Israeli mwaka 2005 kutoka mbegu ya miaka 2,000 hivi. Lakini mbegu ile ililala katika jangwa kavu kupindukia. Kuloweka, kukwaruza ganda na kutia homoni huamsha mbegu iliyolala; hakufufui iliyokufa.

Kazi yenye thamani, basi, hutangulia: kukausha, kufunga pasipopita hewa, kugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na kupima uotaji mara kwa mara. Hivyo ndivyo viwango vya benki za mbegu, na Uganda inayo yake Entebbe, chini ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Umeme wa kugandishia ni ghali, hilo halipingiki. Hata hivyo, mkulima wa Wakiso anayekausha maharage vizuri na kuyafunga katika chombo kisichopitisha hewa hupata sehemu kubwa ya faida hiyo bila jokofu.