Funguo za Kurithi

Juma lililopita kituoni kwetu tulipotelewa na sauti. Si ya mtangazaji, bali za wazee tuliowahoji miaka mingi iliyopita, na baadhi yao hawapo tena duniani. Mahojiano hayo tulikuwa tumeyahamishia ndani ya kompyuta. Kijana mmoja wa zamu alichomeka flashi iliyoletwa na msanii, akabonyeza faili lililovaa jina la wimbo. Kumbe ni programu. Chai yake haijapoa, ghala limekuwa jeupe.

Wenzangu walimrukia kijana. Mimi nilimwuliza fundi swali moja tu: huo wimbo wa uongo uliipata wapi ruhusa ya kufuta ghala?

Fundi akanieleza hivi. Kila programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta hufanya kazi kwa jina la mtu fulani. Programu moja ikiizindua nyingine, ile mpya hurithi jina na madaraka ya iliyoizindua. Kijana wetu alikuwa ameingia kwa jina la msimamizi mkuu, yule asiyeulizwa kitu na mlango wowote. Basi alichokibonyeza kikarithi bunda zima la funguo.

Jambo hili si geni. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe mitandaoni. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuijaza programu ndogo ya kujibu maulizo maneno mengi kuliko inavyoweza kupokea, mpaka ikazindua programu ya kupokea amri. Hiyo ya pili ilifanya kazi kwa madaraka ya ile ya kwanza. Ilikisiwa kwamba kompyuta zipatazo 6,000 ziliathirika.

Lakini kuna wakati madaraka hayana budi kubadilika. Katika mfumo wa Unix, mtu wa kawaida akitaka kubadili neno lake la siri, lazima kiandikwe kitu katika faili ambalo yeye haruhusiwi kuligusa. Dennis Ritchie wa Bell Labs alibuni ufumbuzi: faili la programu hutiwa alama, na yeyote aizinduaye, programu hiyo huchukua madaraka ya mwenye faili. Hataza yake ilitolewa mwaka 1979. Ni ubunifu mzuri mno, ila programu kama hiyo, mwenyewe akiwa msimamizi mkuu, ikiwa na kasoro ndogo, mdukuzi anaondoka na ukuu wote.

Ndipo Desemba 2000 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilipotoa SELinux, na mwaka 2003 ikaingizwa katika kiini cha Linux. Hapa, licha ya jina la mtumiaji, kila programu huvaa lebo. Inapozinduliwa programu mpya, kiini hutazama kanuni: je, mwenye lebo hii, kwa kupitia faili hili, anaruhusiwa kuvuka kwenda lebo ile? Programu mama yaweza kutaja mapema lebo ya kuvishwa mtoto, lakini ombi hilo hufaa kwa uzinduzi mmoja tu, na kiini kikikataa, kimekataa, hata kama mwombaji ni msimamizi mkuu. Simu za Android zimetumia kinga hii kikamilifu tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014.

Fundi wetu sasa ameweka lebo kwa kila kinachozinduliwa kutoka kwenye flashi: kisome nyimbo, kipeleke sauti, basi. Kikizaa mtoto, mtoto hurithi uchache huo huo.

Kijana tumemrudisha zamu. Kabatini tumekuta kanda 11 za awali, ila mpira wa mashine ya kuzichezea umekatika, na tangu Jumatatu tunautafuta madukani.